Land Rover ya zamani, injini ya Toyota, na mkaguzi wa magari Dodoma

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Land Rover yangu si bei wala ulaji wa mafuta. Ni hili: "Trafiki wanakuachia kweli?" Wanaachia, na wala sina mjomba polisi. Gari ni 109 ya Series III, ile ndefu. Imetolewa injini yake ya petroli ya sisi 2,286 na kufungwa 3L ya Toyota, dizeli ya sisi 2,779. Tairi, nyaya na sehemu ya breki siyo zile ilizotoka nazo kiwandani. Inakaguliwa na inapita.

Naandika kwa ajili ya wenye magari ya namna hii huku Dodoma, Kondoa, Kongwa na Singida: Land Rover zilizokuwa za mashamba na misheni, Land Cruiser za BJ40, Peugeot 504 walizoachiwa na baba. Wengi wameliweka gari juu ya matofali si kwa kuwa limekufa, bali kwa kuogopa ukaguzi. Wanaamini mkaguzi anachukia gari lililobadilishwa. Kwa nilivyoona, hachukii. Anachokataa ni badiliko lililoishia njiani: injini mpya na kadi ya zamani, nguvu zimeongezeka na breki zimebaki zilezile za enzi za Mwalimu.

Kufunga injini nyingine ni kama kuoa. Unadhani umemchukua bibi harusi peke yake, kumbe nyuma yake kuna wakwe, mashemeji na mashangazi, na kila mmoja ana haja yake.

Karatasi kwanza, spana baadaye

Chukua kadi ya gari uisome kama vile hujawahi kuiona. Ina rangi, namba ya chesesi, namba ya injini, ukubwa wa injini, aina ya mafuta, idadi ya viti. Mimi kwa kufunga 3L niligusa mistari mitatu kwa mpigo: namba ya injini, ukubwa wake na mafuta. Ukipaka na rangi, ni minne. Wanaokagua ni polisi wa usalama barabarani, lakini kadi ni ya TRA, na ofisi hizo mbili zinataka kuona kitu kimoja. Ushauri wangu ni kwenda TRA kuuliza wanahitaji nini kabla injini mpya haijaingia kwenye gari. Ukienda wakati ya zamani imeshauzwa kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu, utakuwa unaomba badala ya kuuliza.

Injini yenyewe inunue yenye historia. Risiti ya EFD, na namba ya injini iandikwe juu ya risiti hiyo, si "injini 1 Toyota" basi. Injini ya mtumba isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu aliyelia kituo cha polisi. Mkaguzi akiilinganisha namba na karatasi yako, karatasi hiyo iwe na la kusema.

Halafu namba ya chesesi. Kwenye Series III imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye mkono wa chesesi unaoshika springi. Mahali hapo hukusanya matope, grisi na rangi za wamiliki wote waliopita. Mpe fundi bodi amri moja isiyo na mjadala: grainda isifike hapo. Sugua kwa mkono, kwa brashi ya waya na tina, mpaka tarakimu zisomeke, kisha paka grisi nyembamba. Namba iliyoliwa na grainda inaonekana kama namba iliyofutwa makusudi, na hapo hutakuwa unazungumzia ubovu wa gari tena, utakuwa unajieleza kama mtuhumiwa.

Vishoka watakuja. Wapo kila penye foleni. Watakwambia gari lisihangaike, kadi tu inatosha. Karatasi ya ukaguzi wa gari ambalo halijakaguliwa haikusaidii chochote siku breki zitakapogoma kwenye miteremko ya Kolo.

Breki, hapa ndipo penye kazi

109 ilitoka na breki za dramu miguu yote minne. Zikiwa nzima zinasimamisha gari vizuri kwa mwendo wa injini yake ya zamani. Shida inaanza pale dizeli inapoingia, na si kwa sababu ya kasi peke yake.

Kwa 109 zenye busta ya breki, kile kifaa kinachopunguza uzito wa pedali, busta ile inaishi kwa mvuto wa hewa, yaani vakyumu. Kwenye injini ya petroli mvuto huo unatoka kwenye manifoldi, kwa kuwa kuna kipepeo cha kabureta kinachobana hewa. Dizeli haizalishi mvuto wa kutosha kwa njia hiyo. Kwa hiyo fundi anapoing'oa injini ya petroli, bomba la busta linabaki linaning'inia, na wapo mafundi wanaoliziba kwa bolti na kukwambia "breki ni ngumu kidogo lakini zinashika." Usikubali. 3L ina pampu ya vakyumu iliyokaa nyuma ya alteneta. Ukinunua injini hakikisha alteneta hiyo inakuja nayo, na si alteneta yoyote iliyookotwa stoo. Pampu ile inahitaji bomba la oili la kuingia na la kurudi kwenye injini. Ukiona fundi ameliacha moja, pampu haitamaliza mwezi.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe hapo nyumbani. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Baki umeikanyaga bila kuiachia, kisha washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, busta haipati mvuto, na hakuna sababu ya kwenda kwa mkaguzi. Ukishikilia pedali kwa nguvu na ikawa inashuka taratibu hadi chini, hilo ni jambo jingine: kuna mahali panavuja, au masta silinda imechoka.

Sasa handbreki, ambayo imewarudisha watu wengi nyumbani. Handbreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma, inapotokea kwenye gia boksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukibakiza gia boksi ya Land Rover na kutumia adapta kuiunganisha na injini ya Toyota, handbreki inabaki. Ukifunga injini na gia boksi vyote vya Toyota, handbreki imekwenda na vyuma vya zamani, na lazima utengeneze nyingine kabla ya kitu chochote. Jamaa yangu wa Kizota alifungiwa kazi safi kabisa, mlio mtamu, rangi inang'aa, na mkaguzi alipomwambia avute handbreki akabaki ameshika chuma kisichounganishwa na kitu.

Hata ikiwepo, angalia oili sili iliyo nyuma ya gia boksi. Ikivuja, oili inaingia kwenye dramu ya handbreki na hakuna marekebisho yatakayosaidia. Badilisha sili, osha dramu, weka brekishuu mpya. Na mwambie mkaguzi mapema, kwa adabu: "Afande, handbreki ya gari hii inashika propela, itasogea kidogo kisha itakaa. Na naomba isivutwe gari likiwa linatembea." Ule msogeo mdogo ni nafasi iliyopo kwenye difu na ekseli, ni kawaida yake, lakini asiyeijua Series atadhani imeachia.

Usukani na chesesi

Usukani wa Series una tairodi endi sita, vile viungo vya mwisho wa vyuma vinavyogeuza magurudumu. Magari mengi ya siku hizi yana nne. Kila moja ikicheza kidogo tu, ukizijumlisha unapata usukani unaozungusha robo duara kabla gari halijageuka. Mkalishe kijana nyuma ya usukani, injini imezimwa, atikise kushoto kulia, wewe ulale chini uangalie na kushika kila kiungo kwa mkono. Huhitaji mashine. Anayecheza utamsikia vidoleni. Usisahau relei ya usukani (si ile ya umeme), kiungo kinachopokea msukumo wa boksi ya usukani na kuupeleka magurudumuni, iliyo mbele katikati ya chesesi. Mafundi wengi hawaigusi kwa kuwa kuitoa ni kazi ya kutokwa jasho, nao wanaruka kwenye boksi ya usukani na kuikaza mpaka inakuwa nzito.

Upande wa kutu, sisi wa Dodoma tumependelewa. Gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam linaliwa kwa chini, hasa boriti ya nyuma ya chesesi na mikono inayoshika bodi. Ukinunua gari la pwani, gonga chesesi kwa nyundo ndogo urefu wake wote. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanung'unika. Pakiwa pamechomelewa, viraka viwe vya chuma chenye unene wa kutosha, vimezungushwa weldi pande zote, na usivifiche kwa rangi nzito nyeusi siku moja kabla ya ukaguzi. Rangi mbichi chini ya gari kuukuu inamfanya mkaguzi achukue bisibisi.

Hali ya hewa yetu inalipiza kwenye mipira. Jua na ukavu wa miezi ya kiangazi unapasua bushi, mabomba ya breki na tairi. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikawa imekufa. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye kodi iliyo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na kwangu tairi hiyo ni ya kufungia kisima.

Kuhusu ukubwa: 109 ilitoka na 7.50-16. Ukiweka 235/85R16, kimo ni karibu kilekile, spidi mita haidanganyi sana na hakuna anayeuliza. Vijana wanapenda pana zaidi, zile zinazochomoza nje ya bodi. Zinasugua springi ukikata kona yote, zinarushia wenye bodaboda kokoto, na zinamkaribisha mkaguzi kutafuta makosa mengine.

Huku kwetu, kwa taarifa, kugeuza mashine hakukuanza na vijana wa Instagram. Kwenye mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 na kufa 1951, vililetwa vifaru vya vita vya aina ya Sherman vikiwa vimegeuzwa matrekta. Ardhi ya Kongwa iliwashinda.

Mengine kwa haraka

Umeme: bodi ni aluminiamu, chesesi ni chuma, na eathi baina yao huwa mbovu. Ukiwasha indiketa na taa ya breki nayo ikapepesa kwa mdundo uleule, usinunue balbu, mwambie fundi umeme avute waya wa eathi kwa kila taa. Moshi mweusi ukikanyaga mafuta, anza na filta ya hewa, maana vumbi la huku halina huruma, ndipo uende kwenye nozeli. Pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na tarehe, jeki, spea yenye upepo, mikanda inayofunga, waipa zinazofuta. Honi iwe honi. Vimulimuli na ving'ora vya kukodolea watu macho ving'oe kabisa, usivizime tu. Kibao cha namba kiwe cha kawaida, cha njano kwa gari binafsi, siyo kile kidogo cha urembo.

Kabla ya siku yenyewe, liendeshe kwa umbali wa maana. Mimi napenda barabara ya Kondoa mpaka Mayamaya na kurudi, kama kilomita 40 kwenda. Ukirudi, lipaki juu ya karatasi safi za boksi na usome madoa yaliyodondoka. Shika kila gurudumu katikati kwa kiganja: lililo la moto kuliko wenzake lina breki inayogoma kuachia.

Nenda asubuhi, gari limeoshwa na chini pia, boneti inafunguka bila kupigwa ngumi. Fundi wako awepo ikiwezekana, maana kuna swali utakalojibu kwa ubabaishaji na yeye atalijibu kwa neno moja. Shikamoo kwa anayestahili, karatasi mkononi kwa mpangilio, na akionyesha kasoro usibishe mbele ya watu. Iandike, uliza anataka kuona nini ili aridhike, karekebishe, rudi na kilekile alichokitaja kikiwa kimekamilika. Mara nyingi atakwenda moja kwa moja kwenye kasoro hiyo, ataitazama, basi.

Kadi ikishabadilishwa, mpelekee wakala wa bima nakala siku hiyohiyo. Bima inayosema petroli kwa gari la dizeli inampa mtu wa madai sababu ya kukuzungusha. Na ndani ya gari weka nakala ya kadi pamoja na picha safi za namba ya chesesi na namba ya injini, zilizochapishwa kwenye karatasi. Askari wa barabarani pale Manyoni hawezi kulala chini ya Land Rover yako saa saba mchana, lakini karatasi ataisoma.