Rafiki wa Utotoni Anapofariki: Yale Yanayobaki Mikononi Mwako

Mwenzangu alifariki mwezi wa nne mwaka jana, masika yakiwa yamekolea Tukuyu. Tulijuana tangu darasa la kwanza. Nilipofika msibani kutoka Mbeya mjini nilikuta kila mtu ana mahali pake: wadogo zake wa kike ndani kwenye mkeka, wanaume nje wakiota moto, na kina mama wa mtaani jikoni wakimenya ndizi. Rafiki hana mahali palipopangwa. Nikachukua kisu, nikaketi na wale wanaomenya, na hadi leo ningemshauri yeyote atakayefikwa na jambo hili afanye vivyo hivyo, kwa maana kazi ya mikono humshikilia mtu saa ambayo maneno yamemkimbia.

Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto wanne, aliugua. Mimi nilikuwemo mwishoni kabisa, katika yale maneno ya "ameacha ndugu, jamaa na marafiki." Sikumlaumu mtu, kwani wasifu huandikwa usiku mmoja na watu waliochoka kwa kilio. Hata hivyo, nikiwa nimeketi pale chini ya turubai, niliwaza kwamba wazazi wake walikwisha kutangulia, kaka yake mkubwa naye pia, na kwamba sasa hakuna mwingine duniani anayemkumbuka akiwa na umri wa miaka minane isipokuwa mimi. Nikifa nami, mtoto yule atakuwa amekufa mara ya pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kununua daftari na kuandika mapema. Usingoje upate utulivu, na usijali mpangilio. Mimi nilianza na mvua. Kwetu, chini ya Mlima Rungwe, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na zamani mtoto wa shule hakuwa na mwavuli, alikata jani la mgomba akajifunika. Sisi tulikata jani moja kwa wawili, yeye akilishika upande wa bua, nami nikishika ncha iliyokuwa ikichanika kila upepo ulipovuma, hata tukafika darasani bega langu la kushoto likiwa limelowa na lake la kulia vilevile, na katikati, pale tulipogusana, nguo zikiwa kavu. Nilipoliandika hilo likavuta jingine, na daftari la kurasa 96 likajaa kabla ya Krismasi.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema. Msibani familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye ajitokeze, na mara nyingi wanaojitokeza ni wanaodai. Mimi nilikuwa nadaiwa. Mwenzangu alinikopesha shilingi 80,000 za mbegu za viazi, hatukuandikiana, na hakuna aliyejua. Nilimkabidhi binti yake mkubwa mbele ya shangazi yake, nikamweleza zilikuwa za nini. Lipa deni la namna hiyo hata kama familia ina uwezo, kwa maana uaminifu wenu wa miaka yote unapimwa hapo, wakati mwenyewe hayupo kuuliza. Kuhusu mirathi, kaa pembeni. Ukiulizwa, sema ulichokiona kwa macho yako tu.

Na baada ya hapo, rudi. Wiki ya kwanza nyumba hujaa, kisha matanga huanuliwa, maturubai yakarudishwa, na watoto wakabaki na sufuria kubwa zisizo na wa kuwapikia. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni takriban kilomita 70, unapita Uyole, Isyonje na Kiwira, na kosta hazikosekani. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu alipokuwa mgonjwa niliahirisha safari hiyo hiyo mara mbili nikidhani ana muda. Sasa nakwenda kila mwezi. Tunapika mbalaga, yaani ndizi za kupika, tunakula, nafungua daftari nawasomea kurasa mbili au tatu, si zaidi, kwani nimeona zikizidi wanachoka na kuanza kulia.

Wazee wetu walilipa jambo hili uzito. Hapo zamani vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe na kuishi pamoja hadi uzeeni, na raha ya kukaa na wenzako mkizungumza iliitwa ukwangala. Desturi hiyo ilikuwa ya wanaume, lakini sidhani kama sisi wawili, kwenye benchi la nyuma ya duka lake la vitenge, tulikuwa tukifanya jambo tofauti.

Juma lililopita binti yake alinipigia simu. "Mama mdogo," aliniuliza, "lile jani mlikuwa mnalikata kwenye shamba la nani?" Shamba lenyewe bado lipo, karibu na kivuko cha kijito, ingawa siku hizi limepandwa parachichi na migomba imebaki michache ukingoni. Jumamosi nitampeleka akaione, hata mvua ikinyesha.