Darasa la mapishi Kathmandu: pesa ziwafikie akina mama

Dada, nimekuelewa: unakwenda Nepal mwezi wa kumi, unataka kujifunza kupika, ila hutaki pesa ziishie kwa dalali wa Thamel, mtaa wa watalii Kathmandu.

Mimi nilidanganyika mara ya kwanza. Picha za akina mama ukutani, mpishi mwanamume, na mama mmoja anaosha vyombo. Siku hizi nauliza kabla ya kulipa: nani anafundisha, analipwa kwa siku au kwa mgeni, na nani anashika hesabu? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka. Anza na SASANE, shirika lililoanzishwa na wanawake walionusurika biashara haramu ya binadamu. Wana darasa la momo, vifuko vya unga vyenye nyama au mboga ndani, vinavyopikwa kwa mvuke. Usiwahoji yaliyowapata.

Momo ni mtihani, hata kwa mkono uliozoea sambusa. Kiduara cha unga kinasukumwa chembamba pembeni, kinene katikati, kisha unabinya mikunjo huku ukizungusha. Zangu za kwanza zilipasukia kwenye mvuke, mama wa watu akacheka mpaka akakaa chini.

Usionje kwa upawa halafu ukaurudisha chunguni. Kwao hicho ni jutho, chakula kilichotiwa najisi. Dondoshea kiganjani.

Momo nyingi ni za nyati wa kufugwa, kwa hiyo kama unakula halali tu, omba za mboga. Mwenye mzio wa karanga au ufuta aseme mapema, maana achari, mchuzi wa kuchovea momo, mara nyingi huwa navyo. Kama mzio ni mkali, muone daktari kabla ya safari.

Halafu angalia tarehe za Dashain, sikukuu kubwa ya Wahindu wa Nepal. Wapishi wengi huenda kwao.