Re: Mdogo wangu kabadilika tangu aingie magrupu ya Telegram, nimnyang'anye simu?

Salaam dada. Kwa hivyo mdogo wako ana miaka 19, hapo Likoni, kauacha msikiti wa mtaani, anamwambia mama swala zake batili, na simu haiweki chini hata akila. Usimnyang'anye, atapata nyingine ya kuficha na hao jamaa wa Telegram, kama ndio wale wanaosajili vijana wa al-Shabaab, washamwambia kitambo kwamba familia itampinga, utakuwa umewathibitishia.

Cha kwanza angalia safari. Anaulizia pasipoti, anauza vitu vyake, analipa madeni ghafla, kuna "kazi" Somalia ambayo bosi hana jina? Hata moja tu likiwepo usingoje.

Binamu yangu alianza hivyo hivyo, na dini ilikuwa kidogo sana, shida hana kazi na kuna mtu anamtumia voisi kila usiku akimuita akhy (ndugu yangu), anamuuliza kama amekula, swali ambalo nyumbani hatukuwa tunamuuliza. Kilichomtoa huko ni mjomba aliyemchukua gereji wakawa wanashinda pamoja, anamwacha aongee bila kubishana naye aya.

Na wanaosema "huyu kasoma, haiwezekani" wapuuze. Mmoja wa walioshambulia Chuo Kikuu cha Garissa 2015 alikuwa na digrii ya sheria, babake ni chifu Mandera na alisharipoti mtoto kapotea.

Polisi naelewa mnaogopa, vijana wa Pwani wamechukuliwa na hawakuonekana tena. Anzieni Haki Africa, shirika la haki za binadamu hapo Mombasa, mwende na mjomba au mzee mmoja, mama asiende peke yake.