Huo si uvivu, mdogo wangu

Umeuliza kwa nini wiki tano sasa umeshindwa kuianza ripoti ya utafiti ya mwaka wa tatu, ilhali kufua, kupika, hata kumsaidia mwenzako kazi yake unaweza. Mvivu hafui mapazia saa nne usiku. Unachokikimbia ni ile hofu ya ukurasa mtupu, kwamba msimamizi akisoma atagundua hujui kitu.

Hauko peke yako. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alipitia tafiti nyingi kuhusu tabia hii ya kuahirisha, akataja makadirio kwamba asilimia 80 hadi 95 ya wanafunzi wa vyuo huahirisha kazi. Kazi inayokera, na ambayo matunda yake yako mbali, ndiyo huahirishwa zaidi. Ripoti yako ina yote mawili: inakusanywa Juni, na hapo katikati hakuna anayekuuliza.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha data, andika aya moja ya tatizo la utafiti. Iwe mbovu, haidhuru. Kisha mwombe msimamizi akupangie siku ya kumpelekea kurasa mbili tu. Mimi wangu nilimkwepa muhula mzima, nikimwona kwenye korido nageuza njia. Siku nilipompelekea kurasa tatu chafu alizisoma kwa dakika kumi, akazungushia sentensi moja kalamu nyekundu na kusema, "Sura ya kwanza inaanzia hapa." Usiku ule niliandika hadi alfajiri.

Ukishaiandika aya hiyo, njoo uniambie imefika mistari mingapi.