Jibu: Springi inayolia ndani ya kitako cha bunduki ya AR-15

Habari ndugu. Nimekuelewa: kila ukifyatua, springi inalia "zwiiing" ndani ya kitako, sikioni kabisa. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Kwanza toa magazini, kisha hakikisha kwa macho na kidole kwamba chemba haina risasi. Chomoa bafa (kile kizito kinachorudi nyuma ndani ya kitako ukifyatua) na springi yake (ishikilie vizuri, inaruka!). Itazame springi: mikunjo iliyong'aa ubavuni ndiyo inayosugua bomba la ndani ya kitako. Futa uchafu, paka grisi kidogo sana kwa vidole. Ikizidi inanasa masizi ya baruti. Kwangu kelele ilipungua, haikuisha. Nilipoweka springi ya waya bapa ndipo ikatulia. Ila usiikate springi kuifupisha, bunduki itaanza kukwama.