Boti ya rimoti inarusha maji ovyo nyuma: jua kwanza yanaanzia wapi

Mkuu pole kwanza. Kwa wanaoingia sasa hivi kwenye uzi: jamaa kanunua boti ya rimoti ya mtumba, ya umeme, tumbo la V, urefu kama sentimita 70, anaichezea ziwani Kirumba, Mwanza, mchana, akiifungulia moto inarusha maji nyuma upande wa kulia, yanapanda yanarudi kuangukia kifuniko, na akifungua anakuta kadimbwi ndani. Wengi mmemwambia abadili propela. Mi nasema hiyo propela aiache kwanza, maana hakuna hata mmoja aliyemuuliza hayo maji yanaanzia wapi na hilo ndo swali lenyewe.

Boti za hivi kurusha maji ni kawaida yake. Propela inafanya kazi nusu ndani ya maji nusu nje, kwaiyo ikishika spidi lazima uone mkia mrefu wa maji umenyanyuka nyuma katikati, na kama unaangukia mbali na boti achana nao, hauna shida. Af kuna kale kamchirizi kembamba kanakotoka ubavuni, hayo ni maji ya kupooza mota na ESC (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa mota), yanaingia kwenye tundu la usukani (ule ubao wa nyuma unaogeuza boti), yanapita kwenye mpira, yanazunguka mota, yanatoka nje. Mtu akiniambia boti yake inarusha maji mi nauliza kwanza habari ya kamchirizi, kanatoka kwa nguvu ileile au kamefifia?

Kama kamefifia au kamekata, na hukohuko nyuma kuna maji yanaruka, mara nyingi ni maji yaleyale yamepata njia ya mkato. Juu ya usukani pana kamrija kadogo ambako mpira wa silikoni unachomekwa. Boti ya mtumba mpira ule unakuta ushazeeka, umekakamaa, kila ukikata kona usukani unauvuta mpaka unachanika pale mdomoni au unachomoka kabisa. Sasa boti ikiwa kasi maji yanaingia kwenye lile tundu kwa presha, yakikosa mpira yanapanda juu kama bomba la mtaani lililopasuka. Na boti nyingi za aina yako usukani hauko katikati, umefungwa kulia kwa propela. Wewe unasema yanaruka kulia. Mkeka wangu naweka hapo.

Kuhakikisha huhitaji hata kwenda ziwani. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano lile kubwa, sindano yenyewe huihitaji, unganisha na kipande cha mpira kibane kwenye tundu la usukani, fungua kifuniko, sukuma maji. Yote yanatakiwa yatokee ubavuni. Yakichuruzika juu ya usukani umeshapata mchawi, yakivuja ndani kuzunguka mota basi ni oringi (pete za mpira) za jaketi, lile ganda la maji linalozunguka mota, zimekufa, yasipotoka kabisa kuna mchanga umeziba. Na sukuma kwa nguvu huku unachezesha usukani kushoto kulia, maana mipasuko mingine haionekani mpaka mpira ukunjwe. Mpira mpya ukiuvalisha usiuache hivihivi, ubane na vile vitai vya plastiki vya mafundi umeme, na uache urefu kidogo ili kona zisiuvute.

Sasa kama mfumo wa maji uko salama, hapo ndo unahitaji macho, na macho peke yake hayatoshi maana kitu kinapita haraka. Chukua simu weka slomo, lala kwenye mchanga simu iwe karibu usawa wa maji, mwambie mwenzio apitishe boti kwa ubavu. Yangu mimi kamchirizi kalikuwa kanatoka vizuri tu, mkia umenyooka, lakini kulia kuna pazia la maji limesimama linamwagikia kifuniko. Ilikuwa Luchelele, hukuhuku Mwanza. Video ikaonyesha kabisa maji yanapandia makali ya mbele ya usukani. Kuitoa nje nakuta kamzizi ka magugu maji kamejifunga pale, kembamba ka uzi, huwezi kukaona boti ikiwa majini. Watu wanadhani magugu mpaka yawe lundo la kuzuia mitumbwi ndo shida, kumbe kauzi kamoja kwenye ubao wa usukani kwa spidi ile kanatosha kufungua pazia la maji.

Nilivyokatoa likapungua lakini halikuisha, na hapo ndo nikapitisha kidole kwenye makali. Yalikuwa na pengo, boti ilishawahi kugonga jiwe, na sie wa Mwanza mawe tunayajua. Usukani na yale mapezi ya pembeni (vibao vidogo vilivyofungwa nyuma ya boti) yanatakiwa makali ya mbele yawe membamba, yakiwa butu au yana pengo maji hayapasuki vizuri yanapanda juu. Tupa ndogo, msasa namba 400, malizia na 800, taratibu bila kubadilisha umbo. Kagua pia kama mapezi yanatazama mbele sawasawa, likipinda hata kidogo linalima maji muda wote na boti inavuta upande mmoja. Ukiona boti inarusha maji upande mmoja na pia haiendi moja kwa moja mpaka uikazie usukani, pezi ndo mtuhumiwa.

Mguu wa shafti, yaani kishikizo cha nyuma kinachobeba shafti (fimbo inayozungusha propela), usiuguse mpaka hayo yote yamekwisha. Nasisitiza hilo kwa sababu ndo kitu watu wanakimbilia, analegeza skrubu anapandisha anashusha af hakumbuki ulikuwa wapi. Piga mstari kwa kalamu kwanza. Kwa tumbo la V anza na katikati ya shafti ikiwa usawa wa chini kabisa ya tumbo, na shafti ilale sambamba na tumbo. Ncha ya nyuma ikiwa imeinuka propela inasukuma maji juu, tezi (nyuma ya boti) inazama, omo (mbele) inapanda, unapata mkia mrefu wa kupigia picha lakini boti inadunda. Ukishusha mguu sana mkia unakufa ila mota inabeba mzigo, betri inachemka. Sogeza milimita moja, jaribu, ndo usogeze nyingine, na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo maana hutajua kilichotibu.

Uzito nao upo. Mtumba unakuta mwenye nayo wa kwanza alikuwa na betri tofauti na yako, ukiweka kubwa na kuisukumia mbele omo inalala, maji yanachanika toka mbele yanakuja kukupiga pembeni. Weka boti juu ya vidole viwili, sehemu inapobalansi iwe kama asilimia 30 ya urefu ukipima toka tezi, af chezea hapohapo mbele nyuma kidogo.

Kuhusu kadimbwi, si lazima yawe maji hayohayo ya juu. Shafti inaingia kupitia mrija wake na grisi ikiisha mle maji yanapanda nayo, yakifika pale shafti inapoungana na mota kile kiungio kinazunguka kwa kasi kinayatawanya kote, unafungua unakuta mpaka dari ya kifuniko imelowa unadhani yametoka nje. Chomoa shafti, ifute, paka grisi isiyosombwa na maji, rudisha. Kifuniko kizungushie tepu kila unapoishusha, hiyo sio hiari.

Na Kirumba mchana hapana mkuu. Upepo wa ziwani ukishaanza kuna viwimbi, boti yoyote itarusha maji tu na hutajua lipi ni wimbi lipi ni ugonjwa. Nenda asubuhi ziwa limetulia. Ikizima katikati usiingie kuifuata, kichocho kipo na wala huhitaji kuambiwa, ongea na kijana wa mtumbwi mapema au beba fimbo ya kuvulia na mpira wa tenisi umefungwa kwenye mshipi, unarusha unapita nyuma ya boti unaivuta taratibu.

Hiyo ESC iliyolowa usiijaribujaribu leo. Chomoa betri kabisa, ifungue boti ikae kivulini penye hewa, ukiwa na feni bora zaidi, na mchele wenu wa kufukia simu uacheni jikoni. Betri ikiwa imevimba hata kidogo hiyo usiichaji tena. Anza na bomba la sindano af rudi hapa useme maji yametokea wapi.