Faini ya kila siku ndiyo inayokufichia vitabu

Mwalimu, umeuliza shule yenu hapo Kisauni, Mombasa, itoze shilingi ngapi kwa siku kitabu kikichelewa, na kama wa kidato cha nne mwenye deni la kitabu azuiliwe cheti. Hiyo ya kwanza iache kabisa. Usitoze kwa siku!

Piga hesabu. Shilingi 10 kwa siku, muhula wa wiki 13, siku 5 za masomo: 650. Kitabu chenyewe tuseme ni 600. Sasa mtoto aliyekiona chini ya kitanda wiki ya 8 akulete kitabu ili iweje? Akikileta anadaiwa 400, akinyamaza hujui hata kama kipo. Atanyamaza. Na kwa kuwa umemfungia kuazima, mtihani ukikaribia atachukua cha mwenzake, nacho kipotee. Mwisho wa mwaka daftari limejaa madeni yasiyolipika, rafu nyeupe. Hao wakufunzi wa semina wanaoimba "faini hufunza uwajibikaji" rafu hawazihesabu, wao huhesabu posho.

Deni lisipite thamani iliyobaki ya kitabu, na kitabu kikirudi deni lifutwe papo hapo. Basi. Cha 600 kinachotarajiwa kudumu miaka 4, kikipotea baada ya miwili, ni 300. Hata hiyo huwezi kuidai bila rekodi: namba ya nakala kwa wino usiofutika ndani ya jalada na tena kwenye ukurasa wa siri, mathalan wa 47 kwa vitabu vyote, hali yake siku ya kutolewa, sahihi ya mwanafunzi. Kagua katikati ya muhula. Wiki ya kufunga shule wengine washahama, au mwenye nyumba katia kufuli kwa kodi na vitabu vimo ndani. Huyo wa kufuli mwandikie mwenye nyumba barua yenye mhuri.

Mzazi akileta nakala ya kufidia, ifunue mbele yake. Vitabu ambavyo serikali inapeleka moja kwa moja shuleni tangu 2018 vimeandikwa kwamba haviuzwi. Ukiona maandishi yamekwaruzwa, umeletewa cha shule nyingine, na atakayeulizwa ni wewe.

Cheti usikiguse, sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inakataza.

Tangazo la shilingi 10 kama lishabandikwa, libandue kesho kabla ya gwaride. Tangaza wiki mbili za msamaha, weka sanduku nje ya maktaba, asiulizwe mtu jina. Namba itakwambia kitabu ni cha nani.